Paka wa Jirani Juu ya Gari Lako: Anza na Lililo Jepesi



Shukrani zote ni za Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, wanaotembea kwa miguu miwili na wanaotembea kwa minne. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na Swahaba zake.

Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu,

Mada ya leo huenda ikamchekesha mtu. Paka wa jirani anapanda juu ya gari, je, hilo nalo la kuandikiwa? Ndiyo, ndugu zangu. Katika mitaa kama yetu hapa Ruziba, nyumba zimebanana, ua unatazamana na ua, na jambo dogo kama hili linatosha kuzima salamu baina ya majirani. Mmoja anatoka kuswali Alfajiri anakuta nyayo za tope kuanzia boneti mpaka kwenye paa. Siku ya pili ni mkwaruzo. Siku ya tatu anatafuta sumu ya panya. Siku ya nne mwenye paka anamkuta paka wake amekauka nyuma ya choo, na tangu hapo nyumba mbili hazisemezani. Katikati wako watoto wa pande zote mbili, wanatazama na kujifunza.

Rai yangu ni moja, nayo ni ya kifiqhi kabla ya kuwa ya kidunia: una haki ya kulinda mali yako, lakini sheria yetu imeweka utaratibu wa kulinda. Unaanza na lililo jepesi kabisa, na huendi kwenye zito mpaka jepesi limeshindwa. Na katika mambo ya paka na gari, mwenye kufuata utaratibu huu haelekei kulifikia lile zito.

KWA NINI GARI LAKO?

Paka hana chuki na gari lako. Anafuata joto. Ukirudi usiku na Probox yako, boneti (au kapo, kama tunavyoita hapa Bujumbura) inabaki na joto kwa muda. Asubuhi paa la gari linapata jua kabla ya ardhi. Pili, anatafuta pa juu ambapo mbwa hamfikii na yeye anaona kila kitu. Tatu, harufu. Sisi tunaishi karibu na ziwa. Gari lililobeba gunia la ndagala au mukeke kutoka upande wa Rumonge linabaki na harufu siku kadhaa, na pua ya paka si kama yetu.

Tena katika miaka hii ya uhaba wa mafuta hapa nchini, magari mengi yamelala siku nyingi mahali pamoja yakisubiri zamu ya kituo. Gari lisilotembea, kwa paka ni kitanda.

Na mikwaruzo je? Mara nyingi kucha siyo sababu ya kwanza. Ni mchanga ulioganda kwenye nyayo, au ni pale paka anaposhtushwa ghafla akateleza na kutoa kucha ili ajishike. Kwa hiyo anayetoka na fimbo akipiga kelele, yeye ndiye anayeifanya rangi ya gari ikwaruzwe. Na anayerusha jiwe ajiulize kioo cha mbele ni bei gani siku hizi, na kitatoka wapi.

PAKA KATIKA DINI YETU

Wanafunzi wetu wanajua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn 'Umar (RA). Tuitazame vizuri. Mwanamke yule hakumpiga paka wala hakumpa sumu. Alimfungia tu: hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Basi mwenye kumtia paka kwenye gunia, akalifunga na kwenda kulitupa mbali, ajue kwamba amekaribia mlango uleule.

Iko pia hadithi ya Abu Qatada (RA), waliyoipokea Maalik, Abu Daawuud, At-Tirmidhiy na wengineo. Mke wa mwanawe, Kabsha, alikuwa anamtilia maji ya udhu. Akaja paka kutaka kunywa, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anashangaa, akamweleza kwamba Mtume (SAW) amesema paka si najisi, na kwamba ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Hapa tunapata faida mbili. Ya kwanza ni kwamba nyayo za paka juu ya gari lako ni uchafu wa kawaida tu, si najisi. Mkojo na kinyesi chake ndivyo najisi, navyo vinaoshwa kwa maji. Ya pili ni kwamba paka amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, anayeingia na kutoka. Hutaweza kuishi mtaani usikutane naye.

Na Swahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote tunamjua kwa jina la Abu Hurayra, yaani baba wa kijipaka, kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa akicheza naye wakati akichunga mbuzi na kondoo wa watu wake. Kila siku madrasa tunataja jina hilo. Inasikitisha mtoto kulitaja asubuhi na jioni akaokota jiwe.

NANI ABEBE HASARA?

Hapa wenye magari watasema: ustadhi, umemtetea paka, na rangi ya gari langu je? Swali hilo ni la haki, na dini haikulipuuza.

Qur'ani yenyewe, katika Suratul Anbiyaa aya ya 78 na 79, inatutajia kesi ya wanyama wa watu walioingia usiku katika shamba la wengine. Nabii Daawuud (AS) na mwanawe Sulaymaan (AS) wote walihukumu, na Allah akamfahamisha Sulaymaan hukumu iliyo bora. Wafasiri wanaeleza kwamba Daawuud aliamua mwenye shamba apewe kondoo wote. Sulaymaan akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda anufaike nao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Tazameni busara hiyo. Haki ililipwa, na hakuna aliyebaki bila kitu. Majirani wakabaki majirani.

Ama paka hasa, wametajwa kwenye Minhaaj At-Twaalibiyn cha Imam An-Nawawiy, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), kitabu kinachojulikana sana kwetu sisi wa madh-hab ya Shaafi'iy. Humo imo mas-ala ya paka anayeharibu ndege au chakula cha watu: ikiwa amezoeleka kwa tabia hiyo, basi kwa kauli yenye nguvu mwenye paka anabeba dhamana, iwe usiku au mchana. Kama hakuzoeleka hivyo, hana dhamana. Gari halikutajwa, bila shaka, na anayetaka hukumu ya kesi yake aende kwa mwanachuoni. Lakini msingi unatufundisha pande zote mbili. Mwenye paka asiseme "huyo mnyama tu, hana akili" huku anajua kila usiku anaharibu mali ya mtu. Na mwenye gari asimlaumu jirani ambaye hajaambiwa neno. Mwambie kwanza, ili naye apate nafasi ya kutimiza wajibu wake.

Kitabu hicho hicho kinafundisha kwamba anayekushambulia, awe mtu au mnyama, huzuiwa kwa njia nyepesi kwanza. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mshambulizi, vipi kwa paka aliyelala?

LILILO JEPESI KWANZA

Haya ni mambo yasiyo na gharama kubwa, kwa mpangilio wake.

1. Ondoa kinachomvuta. Osha gari kwa sabuni kila likibeba samaki, hasa buti na zulia zake. Usiache mifupa na maganda ya ndagala karibu na unapoegesha. Funika pipa la taka.

2. Badilisha mahali. Usiegeshe chini ya ukuta au tawi la mwembe ambalo paka analitumia kama ngazi. Pengine mita mbili tu zinatosha.

3. Funika gari. Subiri injini ipoe, futa vumbi, kisha tandika shuka kuukuu juu ya boneti na paa, na turubai juu yake kama unalo. Shitingi peke yake si nzuri, kwani ikipeperushwa na upepo wa ziwa inasugua vumbi kwenye rangi. Hata paka akilala juu ya kifuniko, kucha hazifiki.

4. Tumia harufu asiyoipenda. Paka wengi hawapendi maganda ya machungwa na ndimu. Yaweke chini kuzunguka magurudumu, usiyasugue kwenye rangi. Yakikauka badilisha. Si dawa ya uhakika kwa kila paka, lakini hayamdhuru mtu.

5. Mpe pengine pa kulala. Hili wengi hawalifikirii. Boksi lenye gunia kavu, mahali pa juu pasiponyesha, upande wa mwenye paka. Kumfukuza bila kumpa pa kwenda ni kumfundisha arudi.

6. Ukimkuta juu ya gari, piga makofi taratibu ukiwa mbali, au nyunyiza maji kidogo ya baridi upande wake. Mwachie njia ya kushuka.

Na jambo moja la lazima: kabla ya kuwasha gari asubuhi, gonga boneti mara mbili tatu. Paka, hasa wadogo, huingia ndani karibu na injini kufuata joto. Sema Bismillaah, gonga, subiri kidogo, ndipo uwashe.

YASIYOFAA KABISA

Sumu haifai. Ukitega sumu ya panya kwenye samaki hujui atakayeila. Inaweza kuwa kuku wa nyumba ya tatu, au mtoto anayetambaa. Vidonge vyeupe vya nafutalini vya kuwekea nguo pia ni sumu kwa paka. Usimwagie oili chafu ya gari, kwani paka hujisafisha kwa ulimi. Usinyunyize pilipili, inaingia machoni. Usimwage maji ya moto, usipange vipande vya chupa. Na kama rejeta yako inavuja ile dawa ya rangi ya kijani au nyekundu, ifute upesi: baadhi ya dawa hizo zina utamu, na kidogo tu huua figo za paka na kumdhuru mtoto.

Tuwakataze pia watoto kumkamata paka kwa mikono. Akimng'ata au kumparura mtoto, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuhofia kichaa cha mbwa, ambacho paka pia huambukiza.

NENDA KWA JIRANI

Haya yote hayachukui nafasi ya kubisha hodi. Usiende siku ya hasira, wala usipitishe maneno kwa watoto au kwa kundi la simu la mtaa. Nenda jioni kumetulia. "Hodi hapa! Amahoro, Mama Fulani, habari za watoto? Mgeni wenu anakuja kulala kwangu kila siku juu ya gari, naona kwenu hamumpi kitanda." Mtacheka, kisha semeni ya maana: paka alishwe jioni kwenu, alale ndani au kwenye boksi lake, na mimi nitafunika gari. Kila mmoja anabeba upande wake, kama alivyohukumu Sulaymaan (AS).

Na wengi wa majirani zetu hapa si Waislamu. Haki ya jirani haipungui kwa hilo. 'Abdullaah bin 'Amr (RA) alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliulizia mara mbili kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama, kwa sababu alimsikia Mtume (SAW) akieleza jinsi Jibriil alivyomuusia sana kuhusu jirani, mpaka akadhani atamfanya mrithi. Jirani yako Mkristo hatasoma Minhaaj. Atakachosoma ni namna ulivyomtendea paka wake.

Wazazi, watoto wetu wanahifadhi hadithi hizi kwa Kiarabu na tafsiri yake. Sisi walimu tunaweza kuwasikiliza wakisoma, lakini kama zimeingia moyoni au la, hilo linaonekana uani kwenu, Alfajiri, baba anapoziona zile nyayo za tope na mtoto amesimama mlangoni anangoja aone baba atashika nini: kitambaa au jiwe.

Tunamuomba Allah (SW) atupe upole katika mambo madogo na makubwa, azilinde mali zetu kwa njia za halali, na atujaalie kuwa majirani wema kwa watu na kwa viumbe wake wote. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.

Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.

Mwalimu wa madrasa, Ruziba, Bujumbura