Ardhi ni Dhamana, na Dhamana Ina Hesabu



Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zasema kwamba ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya raia wote. Twakubali. Hatutaki ardhi igeuke bidhaa ya dukani. Mwalimu Nyerere alikwisha kutuonya mwaka 1958 katika maandishi yake “Mali ya Taifa”. Lakini mdhamini si mwenye mali. Mdhamini ni mtunzaji, na mtunzaji hana budi kutoa hesabu. Je, hesabu ya ardhi yetu hutolewa kwa nani?

Wakoloni hawakuwa na swali hilo. Sheria yao ya mwaka 1923 iliweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana, na Gavana alijibu kwa London. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Ndugu Kirilo Japhet ilimlazimu kusafiri mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952, kwa sababu hapa nchini hapakuwa na baraza hata moja la taifa lililochaguliwa na wananchi. Leo Bunge tunalo. Basi kazi yake katika jambo hili ni ipi?

Tazameni sheria. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, nayo ikiwa chini ya hekta 250, Mkutano wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, kijiji hutoa mapendekezo tu, na kauli ya mwisho ni ya Waziri. Maana yake ni kwamba kipande kidogo kina ulinzi mkubwa, na kipande kikubwa kina ulinzi mdogo! Sisi wa Bujora na Kisesa, tunaouona mji wa Mwanza ukitujia kwa barabara ya Musoma, hatuwezi kulinyamazia jambo hili.

Wazee wetu wa Usukuma walilijua. Nendeni kwenye makumbusho yetu ya Bujora, mkaone banda la watemi lililojengwa mfano wa kiti cha enzi. Kiti kilikuwa cha heshima kubwa, lakini aliyekikalia aliwekwa na wazee, na wazee walikuwa na njia ya kumwondoa.

Wala haya si mawazo mageni. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilishauri mwaka 1992 kwamba ardhi ya taifa itolewe mikononi mwa Serikali, iwekwe chini ya makamishna watakaowajibika kwa Bunge, na ardhi ya vijiji iwe ya mikutano ya vijiji. Sera ya Ardhi ya mwaka 1995 ililiacha shauri hilo, ikambakiza Rais peke yake.

Wako watakaosema Bunge litachelewesha maendeleo. Twawajibu: mwaka 2017 Bunge lilijipa kwa sheria uwezo wa kupitia mikataba ya maliasili na kuitaka Serikali ijadiliane upya pale penye masharti mabaya. Ikiwa dhahabu ya Geita yastahili macho ya Bunge, kwa nini shamba lililo juu ya dhahabu lisistahili?

Wengine watasema wabunge nao ni binadamu. Ni kweli. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 iliipa Kongresi mamlaka juu ya ardhi ya taifa, na Kongresi hiyo hiyo iligawa kwa walowezi ardhi iliyokuwa ya wenyeji Wahindi Wekundu, kwa kuwa wenyeji hawakuwa na sauti ndani yake. Kwa hiyo Bunge peke yake halitoshi. Kijiji kiseme kwanza.

Tunalotaka ni moja: ardhi ya kijiji inayozidi hekta 250 isihamishwe mpaka Mkutano wa Kijiji ukubali, na baada yake Bunge lipitishe azimio hadharani.

Kila tawi lilijadili jambo hili, na kila mwanachama amwulize mbunge wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.