Usiulaumu ukuta kwa mzigo usio wake

MTAA KWA MTAA
Na Zuhura Adongo

Pita barabara ya Naivasha upande wa Kawangware uone masinki meupe ya kauri yaliyopangwa nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Sinki huuzwa pamoja na kijipakiti cha skrubu na rolplagi za plastiki. Vitu hivyo vilitengenezewa ukuta wa mawe au zege, lakini muuzaji haulizi nyumba ya mteja imejengwa kwa nini, na mteja naye hasemi. Wiki kadhaa baadaye sinki liko sakafuni vipande vipande, na lawama zote anabebeshwa fundi.

Mara nyingine fundi anastahili. Mara nyingi hastahili.

Chukua nyumba ya Gatwekera au Silanga, huko Kibera. Nyingi ni fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo, kisha zikapakwa plasta nyembamba ya saruji. Kwa macho, huo ni ukuta wa saruji. Ukianza kutoboa, drili inapenya plasta mara moja, halafu inazama kwenye vumbi. Rolplagi hushika kwa kutanuka na kubana kingo za tundu. Udongo mkavu ukibanwa humomonyoka, na ukilowa hugeuka tope, na bafu ni mahali pa kulowa kila siku. Plasta yenyewe haipatani sana na udongo. Maji yakipenya nyuma yake hubanduka taratibu, na ukiigonga kwa kidole husikika tupu. Skrubu iliyoingia hapo imeshika ganda tu.

Mabati nayo yana shida yake. Bati la kujengea mabanda halifikii unene wa nusu milimita. Skrubu hailegei humo, bali hulichana bati.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalipigi hesabu. Sinki dogo la kauri lina kilo kumi na kitu, uzito wa mtungi uliojaa nusu. Lakini mtungi hukaa chini, na sinki hutokeza mbele ya ukuta. Litie maji, kila lita kilo moja, kisha mtoto alidandie akipiga mswaki. Hapo skrubu za juu huwa zinavutwa nje, na kadiri sinki linavyotokeza ndivyo mvuto huo unavyozidi. Ndiyo maana kitu kilichoshika imara asubuhi fundi alipokitikisa kwa mkono kinang'oka jioni.

Wa Kawangware wasicheke. Huko sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi, na magorofa yamechipuka kwenye ploti zilizokuwa za mabati. Gorofa si dhamana. Bloku zenye uwazi ndani humeza rolplagi, ikabaki inaning'inia upande wa pili wa ganda la bloku. Mawe ya kuchonga ya Nairobi ni ya volkano na hayalingani: moja gumu, jirani yake laini hadi unaweza kulikwangua kwa msumari. Fundi mjuzi hugonga kwanza, hukwepa kiungo cha mota, hutoboa katikati ya jiwe, tena bila kutumia mpigo wa nyundo wa drili pale jiwe lilipo laini.

Kibera ni hadithi nyingine, na si ya ufundi pekee. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya ardhi hiyo imehesabiwa kuwa ya serikali. Mwenye nyumba anamiliki fito na bati, lakini udongo aliousimamishia si wake. Julai 2018 tingatinga ziliingia kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, zikaangusha nyumba pamoja na shule. Baada ya hapo, nani atamwambia mwenye nyumba anunue mawe? Udhaifu wa kuta zile ni hesabu ya mtu asiyejua kama mwaka ujao atakuwa bado pale.

Lakini ukuta dhaifu si sababu ya watu kuoga wakiwa wameweka sabuni sakafuni. Shirika la SHOFCO liliposambaza maji Kibera liliyapitisha mabomba hewani, juu ya nguzo, mbali na mitaro michafu na mikono ya wanaounganisha kwa wizi. Watu walisifu maji. Mimi nilisifu nguzo, kwa sababu mzigo wote unashukia kwenye nguzo, na nguzo inaushusha ardhini. Hata bafuni kwako mzigo unatakiwa upite njia hiyo. Sinki lisimame kwenye miguu ya chuma, ambayo fundi yeyote wa kuchomelea wa jua kali atakuundia, na ukuta ufanye kazi ya kulizuia lisiyumbe tu. Tangi la maji liwe juu ya jukwaa lenye miguu. Kile ambacho lazima kining'inie kifungwe kwenye mbao ya mbili kwa nne iliyopigiliwa toka nguzo hadi nguzo ya fremu.

Bolti ya kupenya ukuta mzima, yenye wosha pana huku na huku, nayo inashika vizuri. Kasoro yake ni kwamba nati inatokea chumbani kwa jirani, kwa hiyo anza na jirani kabla ya drili. (Shawa ya umeme ni nyepesi, lakini kwenye bafu la mabati mimi siitaki kabisa. Waya mmoja ukichubuka, ukuta mzima una umeme.)

Mzigo mzito kuliko yote ni binadamu. Choo cha ploti hutumiwa na nyanya mwenye magoti mabovu, mja mzito, na kijana wa magongo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na viwango vinavyokubalika vya usafi. Cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Lakini nionyeshe choo cha ploti chenye chuma cha kushikilia. Na kikiwepo kwenye mabati ni heri kisingekuwepo, maana mtu anayeteleza hukivuta kwa nguvu inayozidi uzito wake, kisha anaanguka nacho. Chuma hicho kinatakiwa kuwa bomba nene lililozikwa ardhini kwa kokoto na saruji, kando ya slabu ya choo. Usiitoboe slabu yenyewe, maana chini yake ni shimo.

Mpangaji hawezi kuyafanya haya peke yake. Akitoboa bila ruhusa, keateka atakata kwenye dipositi, na akihama mbao inabaki. Kazi hii ni ya anayepokea kodi kila mwezi. Kwa hiyo wewe mwenye ploti unayesoma hapa, kabla hujapiga bati la bafu jipya, pigilia mbao mbili za kulala kati ya nguzo, moja kimo cha kiuno na nyingine kimo cha kichwa. Kisha zitie alama kwa rangi upande wa ndani, ili fundi wa mpangaji ajue pa kutoboa.