Kioo Chenye Maji Si Kosa la Mwenye Kitanda

Katika bweni letu iko desturi ambayo mimi naona si ya haki. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya huku Njombe inapozidi, twaamka na kukuta vioo vya madirisha vimelowa na maji yatiririka hata ukutani. Kiranja apitapo, mwenye kitanda kilicho karibu na kioo chenye maji huandikwa jina kwa uvivu, na yule ambaye kioo chake ni kikavu husifiwa. Ati, kama si uvivu, mbona vioo vyote havilowi sawasawa?

Maji hayo si ya mvua. Yametoka vinywani na miilini mwetu. Mtu aliyelala hutoa karibu robo lita ya maji kwa pumzi na ngozi yake usiku mmoja. Basi sisi 40 twatoa kiasi cha ndoo ya lita 10, yote yakiwa mvuke usioonekana. Mvuke huo ukigusa kitu cha baridi hugeuka matone, kama umande majanini.

Kwa hiyo palipo na baridi zaidi ndipo hulowa kwanza. Hewa ikipoa kwenye kioo huwa nzito, hushuka. Ndiyo sababu sehemu ya chini huwa na maji na ya juu ikawa kavu. Fremu za chuma hupitisha joto upesi, basi pembeni hulowa kabla ya katikati. Dirisha linalotazama mbingu wazi hupoa kuliko lililo chini ya baraza. Na kile kioo kikavu kisifiwacho kila siku? Jirani yake kilivunjika mwaka jana, pakazibwa kwa kipande cha boksi, na hewa ya nje, yenye mvuke kidogo, hupenya hapo usiku kucha. Mwenyewe hakufanya lolote!

Nashauri tuache kuandikana majina, tufungue kidogo madirisha ya juu wakati wa kulala. Najua wengi huogopa baridi, lakini ukuta wetu umeota kuvu nyeusi, na vikohozi havituishi.

Muhula huu nimejaribu kwa siku tano, nikaliacha dirisha langu wazi kadiri ya vidole viwili. Asubuhi nne kioo kilikuwa kikavu. Jirani yangu alinung'unika usiku wa kwanza. Nikampa blanketi langu la pili, akanyamaza.