Kwa Watu wa Mji wa Kale, Mombasa: Picha za Waliotoka Ndani

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu,

Nawaandikia kutoka Glasgow. Huku mtaalamu wa mambo ya jinai, Fergus McNeill, alishiriki mradi uliowapa kamera watu waliohukumiwa kifungo cha nje, wapige picha za maisha yao chini ya uangalizi. Baadhi ya picha hizo zimo katika kitabu chake, Pervasive Punishment. Anayetarajia pingu na nondo hazioni, na hapo hurudi kwenye swali rahisi: huyu alifanya nini?

Natamani mradi kama huo ufanywe kwetu. Kinachonitia hofu ni sisi watazamaji. Glasgow ni mji mkubwa, mtu hutazama picha asimjue mwenyewe. Kwetu, kijana aliyetoka gereza la Shimo la Tewa akiupiga picha mlango wa kwao tu, uso wake asiuonyeshe, mlango tutautambua kwa nakshi zake. Kabla ya magharibi jina lake litakuwa limefika sokoni Marikiti. Na mama yake, aliyekuwa akiwaambia majirani kuwa mwanawe yuko safarini, atatokaje nje kesho yake?

Hata hivyo nasema picha kama hizo zitundikwe hadharani. Maonyesho ya Picha Mtaani ya mpiga picha Boniface Mwangi yalizunguka miji ya Kenya na picha za ghasia za baada ya uchaguzi, na watu walisimama barabarani wakazitazama, wengine wakilia. Zile zilikuwa picha za waandishi wa habari. Aliyetoka ndani akishika kamera mwenyewe ataonyesha kisichopigwa na mwandishi: labda mfuko wa sabuni na nguo safi aliokuwa akiubeba mama yake kila kesi ilipotajwa, ikaahirishwa tena.

Mahali pa kuzitundika ni Ngomeni, Fort Jesus. Waingereza waliigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958, nasi leo tunawatembeza wageni tukiwasimulia Wareno na mizinga, wafungwa tunawapita mbio.

Nawaombeni, mkisimama mbele ya picha hizo, ulizaneni mwenyewe alitaka tuone nini. Kosa lake lina mahakama. Mlango mkiujua, nyamazeni, msitiri mwenzenu. Nanyi mtakaoandaa maonyesho, picha isitundikwe hadi aliyeipiga na jamaa zake wairidhie, na wakitaka ishushwe hata siku ya pili, ishusheni bila kuwauliza sababu.