Majitaka Yapangiwe Mahali Kabla Mji Haujajaa

Liko wazo baya lililojipenyeza katika vichwa vya baadhi ya watumishi wa umma, nalo ni kwamba kusafisha majitaka ni kazi ya Dar es Salaam na Mwanza. Ati Ngara na Biharamulo hazina haja ya kusumbuka, kwa kuwa miji yake ni midogo na mito ni mikubwa. Wazo hilo ni la kivivu, tena ni la hatari.

Jiografia yenyewe inalikataa. Wilayani Ngara, karibu na maporomoko ya Rusumo, Mto Ruvubu unaungana na Mto Kagera, ambao ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria. Uchafu unaotupwa bondeni Ngara hauishii Ngara. Unamfuata mwananchi wa Missenyi mpaka kwenye ndoo yake. Tanzania, Rwanda na Burundi zililitambua jambo hilo zilipotia sahihi mkataba wa Bonde la Kagera hapo hapo Rusumo, tarehe 24 Agosti 1977. Shirika lililoundwa lilivunjwa mwaka 2004, lakini mto haukuvunjwa.

Historia nayo inalikataa. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 tu. Huko Benaco maji ya bwawa yalitibiwa kabla ya kunywewa, na vyoo vikachimbwa. Miezi michache baadaye, huko Goma, ambako ardhi ni mwamba wa volkano usiochimbika kwa jembe, watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu yasiyotibiwa, na kipindupindu kikaua maelfu kwa majuma machache. Nani basi atathubutu kusema kuwa kutenganisha kinyesi na maji ya kunywa ni anasa ya miji mikubwa?

Wapo watakaojitetea kwa umaskini. Hoja hiyo haina uzito. Mabwawa ya kusafishia majitaka hayahitaji mitambo ya fahari. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, tope hutuama. Katika la pili mimea midogo ya majini hutoa hewa ya oksijeni, na bakteria hula uchafu. Katika la tatu, lenye kina kifupi, jua huua vijidudu. Kazi yote hufanywa na mteremko, jua na muda. Kinachotakiwa ni ardhi, uzio, na watu wa kuondoa tope kwa wakati wake.

Na ardhi ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Udogo wa mji, unaotolewa kama udhuru, ndio sababu kubwa ya kuanza sasa. Nyakanazi ni njia panda ya magari ya Kigoma, Bukoba, Kahama na Rusumo. Kila nyumba ya wageni inayojengwa mahali kama hapo ina karo litakalojaa. Gari la kunyonya majitaka litamwaga wapi, ikiwa kila kiwanja kimekwisha kugawiwa? Kila ndoo ya maji safi inayoingia nyumbani hutoka ikiwa chafu. Kwa hiyo mradi wa maji usio na mpango wa majitaka ni nusu ya mradi.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mtumishi anayeidhinisha kiwanja ndani ya mita hizo hawasaidii wananchi, anawauzia maradhi. Mwalimu naye anao wajibu: wanafunzi wake wanaweza kupima kwa kamba umbali kati ya choo na kisima, wakapeleka majibu kwenye mkutano wa kijiji. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba mwananchi akielezwa kwa lugha yake, huchimba choo bila kusukumwa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ngara na Biharamulo bado ziko kwenye ufa. Watengeneza ramani za mji na watenge eneo la mabwawa leo, wakati ardhi bado ipo.