Mungu Aliyezoea Hema



Huko Uingereza watu wengi hupumzika kwa kusafiri na gari ambalo pia ni nyumba: lina kitanda kinachokunjwa kuwa kiti, jiko dogo la gesi, sinki na tangi la maji. Ukilikodi pale York, siku ya kwanza tu utatambua kwamba sanduku la pili halina pa kukaa. Maji ni yale uliyobeba, na yakichafuka unayamwaga mwenyewe mahali palipotengwa. Wala huwezi kulala popote upendapo. Mwenye shamba sharti akubali kwanza, kwa hiyo jioni unapiga hodi.

Usukani uko kulia kama kwetu, hilo halitakusumbua. Kitakachokusumbua ni njia za vijijini, nyembamba kiasi kwamba mmoja hurudi kinyumenyume ili mwenzake apite.

Karibu na mji wa Ripon, bondeni mwa mto Skell, utakuta magofu ya abasia ya Fountains. Mwaka 1132 wamonaki 13 waliondoka katika abasia tajiri ya York kwa kuwa waliona maisha ya humo yamekuwa laini mno. Askofu Mkuu Thurstan akawapa bonde hili, wakati huo pori la miiba. Inasimuliwa kwamba kipupwe cha kwanza walijikinga chini ya mti na miamba. Wao hata gari la kulala hawakuwa nalo!

Baadaye wakajiunga na shirika la Wasitersiani, wakafuga kondoo, na sufu yao ikanunuliwa na wafanyabiashara wa Italia. Ikawa mojawapo ya nyumba tajiri kabisa za shirika hilo nchini. Mwanzoni mwa karne ya 16, Abate Marmaduke Huby akajenga mnara wa karibu mita 50, wenye herufi za jina lake na maneno ya Kilatini ya kumtukuza Mungu. Mwaka 1539 Mfalme Henry wa Nane akaifunga abasia. Mali ikachukuliwa, wamonaki wakatawanyika. Mnara ungalipo, na wageni hulipa kiingilio kuutazama.

Simtetei Henry: alitaka fedha, akazipata. Lakini nikiwaza juu ya wale 13 chini ya mti, kisha mnara ule, namkumbuka mfalme Daudi. Katika 2 Samweli 7 anataka kumjengea Mungu nyumba ya mierezi, na Mungu anamjibu kupitia Nathani kwamba tangu Misri amesafiri na watu wake hemani, na hakuwahi kumdai yeyote nyumba ya namna hiyo.

Sisemi tusijenge. Mvua hunyesha, na watoto wa katekesi wanahitaji paa. Nasema nawe uliye katika kamati ya ujenzi, mwenye orodha ya ahadi mkononi. Yumo mama ambaye jina lake lilisomwa mbele ya waamini wote kwamba hajamaliza mchango. Jumapili iliyofuata hakuja Misa, wala iliyofuata hiyo. Kwenye daftari lenu bado anadaiwa. Je, katika jumuiya yake, nani amekwenda kumpigia hodi bila kubeba risiti?