Mapendo: mwenye pesa ya skrini hakosi pesa ya waya

Kuna neno wanalolipenda wafungaji wa skrini kubwa za LED: "Volti 5 haziui mtu." Ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili inachoma nyumba.

Volti 5 ziko ndani ya skrini tu. Kutoka mtaani zinaingia volti 220, na vibadilishaji vidogo nyuma ya paneli ndivyo vinazishusha. Kibadilishaji kimoja cha wati 200 kinatoa ampea 40. Ampea 40 juu ya waya mwembamba au skrubu iliyolegea ni makaa ya moto. Skrini yenye vibadilishaji 30, ikiwaka nyeupe yote, inaweza kudai wati 6.000, yaani ampea 27 na zaidi kutoka kwenye laini. Waya wa milimita 1,5 unaowasha taa za nyumba hauwezi kubeba mzigo huo.

Na Mapendo ni mtaa wa mbao. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa jirani. Humo familia zilizokimbia vita zimepokewa na ndugu, na watoto wanalala hadi mlangoni. Moto ukianza, haupigi hodi. Aliyekwisha kupoteza nyumba yake kijijini asipoteze godoro lake mjini kwa sababu ya tangazo la biashara.

Madai ya wakaaji si makubwa. Skrini ipate laini yake kutoka kwenye mita, igawanywe matawi, kila tawi na disjonkta yake. Iwekwe na disjonkta ya miliampea 30, inayokata umeme unaovuja. Ikikata kila mara, dawa si kuiondoa: fundi atafute panapovuja, au aongeze matawi.

Kuna pia waya wa ardhi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo hayapitishi umeme vizuri. Chuma kifupi kilichopigwa kati ya mawe si kinga. Kinapaswa kupimwa kwa chombo. Mvua nayo haisamehe: tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme ulianguka juu ya soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, ukaua watu 26.

Basi shefu wa mtaa asiruhusu skrini iwake mpaka aonyeshwe hayo yote. Na mkaaji akiona waya umeungwa kwa skochi, au akisikia harufu ya plastiki inayoungua, apige kelele mapema. Kesho yake ni kuhesabu majivu.